Kutoka kinyonga hadi skochi: historia ya rangi ya kujificha na mifano midogo ya mbao

Leo tunazungumzia jambo linaloonekana dogo: namna ya kupaka rangi ya madoadoa, ile ya kijeshi, kwenye mifano midogo ya meli, ndege na magari. Wapo watakaouliza: tuna vita, tuna njaa, tuna mahema yanayovuja, na muandishi anatuletea habari za vitu vya kuchezea?

Swali ni la haki. Jibu ni kwamba mifano hiyo midogo haikupakwa madoadoa kwanza kwa ajili ya mchezo. Ilipakwa kwa kazi ya kuokoa roho za mabaharia. Na kutoka humo linazaliwa swali lingine: vitani, nani ana ruhusa ya kujificha, na nani anatakiwa aonekane wazi? Swali hilo linatuhusu sisi wa mashariki mwa Kongo kuliko watu wengi duniani.

Alama ya kinyonga

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwezi wa nane 1914, askari wa Ufaransa walikwenda mapambano wakiwa wamevaa suruali nyekundu na makoti ya buluu. Ilikuwa ni fahari yao tangu zamani. Lakini bunduki za wakati ule zilikuwa zinapiga mbali na kwa haraka, na mtu mwenye suruali nyekundu katikati ya shamba la kijani ni shabaha. Walikufa wengi mno katika miezi ya kwanza.

Ndipo wachoraji walioitwa jeshini wakaleta wazo. Mmoja wao alikuwa Lucien-Victor Guirand de Scévola, mchoraji wa picha za watu. Yeye na wenzake walianza kufunika mizinga kwa turubai zilizopakwa rangi za udongo na majani, ili ndege za adui zisiione kutoka juu. Mwaka 1915 jeshi la Ufaransa likaunda kikosi maalum cha kazi hiyo, na yeye akawa kiongozi wake. Neno kamuflaji, ambalo sasa linatumika dunia nzima, linatoka kwenye Kifaransa chao. Na alama waliyoishona kwenye nguo zao ilikuwa kinyonga.

Wachoraji hao walitengeneza hata miti ya uongo. Walichora mti halisi uliokatika kwa mabomu karibu na mahandaki, wakaunda mwingine wa chuma wenye ganda linalofanana nao kabisa, kiisha usiku mmoja wakaung'oa ule wa kweli na kusimamisha ule wa uongo. Ndani yake alikaa askari mmoja akichungulia.

Majani ya Rufiji na mizinga ya mbao ya Tanganyika

Tusifikiri mambo hayo yalikuwa ya Ulaya tu. Mwaka uleule wa 1914, manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg iliingia kujificha ndani ya delta ya mto Rufiji, katika inchi ambayo leo ni Tanzania. Mabaharia walishusha ncha za milingoti na kuifunika meli kwa majani na matawi ya mikoko, mpaka kwa mbali ikafanana na kichaka. Waingereza walileta ndege kuitafuta, na baada ya miezi mingi, tarehe 11 mwezi wa saba 1915, meli ilipigwa na Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Lakini waliiokoa mizinga yake kumi, na mmoja ulipelekwa Kigoma na kuwekwa juu ya meli kubwa ya ziwa Tanganyika, Graf von Götzen.

Hapo ndipo habari inavuka ziwa na kuingia kwetu. Waingereza walileta mashua mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kwa reli hadi Fungurume, katika Katanga. Kutoka hapo zilivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashini za mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya wababu zetu waliokata njia na kujenga madaraja zaidi ya mia moja. Zilishuka mto Lualaba kuanzia Bukama hadi Kabalo, zikapanda tena reli hadi Lukuga, mahali tunapopaita leo Kalemie. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1915 ziliikamata meli ya Wajerumani Kingani, na mwezi wa pili 1916 walizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Sasa sikiliza jambo hili. Mwaka 1916 kamanda wa Waingereza alifika mbele ya ngome ya Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, upande wa kusini wa ziwa. Aliona mizinga juu ya ukuta, akaogopa kuishambulia, akarudi nyuma. Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka. Baadaye ikajulikana kwamba ile mizinga ilikuwa ya mbao. Hata Graf von Götzen, wakati ule, mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kuondolewa na mahali pake kuwekwa kipande cha mti. Mbao iliyochongwa vizuri na kupakwa rangi iliwarudisha nyuma watu wenye bunduki za kweli.

Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa saba 1916, ikainuliwa tena mwaka 1924, na ndiyo ile MV Liemba ambayo wengi wa wazazi wetu waliipanda wakati wa kukimbia au kurudi nyumbani.

Meli za urefu wa kiganja katika chuo cha London

Turudi Ulaya, mwaka 1917. Ujerumani ilitangaza kwamba kuanzia mwezi wa pili nyambizi zake zitazamisha meli yoyote itakayokaribia Uingereza, hata za wafanyabiashara. Mwezi wa ine peke yake, meli za tani zaidi ya 800,000 zilikwenda chini ya bahari. Uingereza ilikuwa inategemea chakula kutoka nje. Njaa ilikuwa mlangoni.

Mchoraji mmoja wa picha za bahari, Norman Wilkinson, alikuwa anafanya kazi katika mashua za ulinzi. Alielewa kitu ambacho wengine hawakukielewa: meli haiwezi kufichwa baharini. Mbingu inabadilika kila saa, moshi wa bomba unaonekana mbali, na kivuli chake ni kirefu. Basi, akasema, tusijaribu kuificha. Tuipotoshe macho ya yule anayeilenga.

Ili kuelewa, fikiria mpira wa miguu. Anayempa pasi mwenzake anayekimbia hapigi mpira pale alipo. Anapiga pale atakapofika. Nahodha wa nyambizi alikuwa na kazi hiyohiyo. Torpedo inachukua muda majini kabla ya kufika, kwa hiyo alipaswa kukisia meli inaelekea wapi, kwa mwendo gani, na iko umbali gani. Akikosea mwelekeo kidogo tu, torpedo inapita mbele au nyuma.

Wilkinson akapendekeza meli zipakwe mistari mipana ya kukatiza, nyeusi, nyeupe, buluu na kijani, inayopinda na kuvunja umbo, mpaka mtu asijue mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Mwezi wa sita 1917 walimpa vyumba katika chuo cha sanaa cha Royal Academy, London. Humo ndimo mifano midogo ilipoingia kazini.

Wachongaji walitengeneza meli ndogo za mbao, kila moja kwa kipimo sawa na meli ya kweli. Wasanii, na wengi wao walikuwa wanawake, walizipaka mistari. Kiisha meli ndogo iliwekwa juu ya meza inayozunguka, nyuma yake pakawekwa picha ya mbingu, na mtu mwenye ujuzi akaitazama kupitia darubini ya nyambizi. Walimuuliza: meli hii inaelekea wapi? Akijibu sawasawa, mchoro ulikuwa umeshindwa, walifuta na kuanza upya. Akikosea kwa mbali, mchoro ulikuwa umefaulu. Hapo walichora ramani ya rangi ya upande wa kulia na upande wa kushoto, maana pande mbili hazikufanana, na kuituma bandarini. Kule, wachoraji wengine waliandika mipaka ya rangi kwa chaki juu ya chuma, na mafundi wakajaza kwa burashi.

Meli za Uingereza zilizopakwa namna hiyo zilizidi 2,000 kabla ya vita kwisha. Je, mistari iliziokoa? Tuseme ukweli: kamati ya wanamaji iliyochunguza mwaka 1918 haikuweza kuthibitisha kwamba meli zenye mistari zilipigwa mara chache kuliko nyingine. Wakati uleule meli zilikuwa zimeanza kusafiri kwa misafara yenye ulinzi, na ni vigumu kutenganisha faida ya hiki na kile. Lakini kamati ilikubali jambo moja: mabaharia walipata moyo. Walipanda meli wakijua kwamba kuna mtu nchi kavu aliyekaa kufikiria maisha yao.

Skochi ilizaliwa kwenye garaji

Mafundi wa bandarini walipaka kwa mkono, mstari kwa mstari. Siri ya kupaka mpaka safi kati ya rangi mbili ilikuja baadaye, na haikutoka jeshini. Ilitoka kwenye garaji.

Katika miaka ya 1920 Wamarekani walipenda magari ya rangi mbili. Fundi alipaka rangi ya kwanza, akafunika sehemu moja kwa magazeti na gundi, kiisha akapaka ya pili. Alipobandua gazeti, gundi iling'oa rangi na kazi yote ikaharibika. Kijana mmoja, Richard Drew, alikuwa anatumwa na kampuni yake, 3M ya mji wa St. Paul, kupeleka karatasi za msasa kwenye magaraji. Siku moja aliwasikia mafundi wakilaani, akawaahidi dawa. Mwaka 1925 akafaulu: utepe wa karatasi yenye mikunjo, wenye gundi inayoshika lakini inayokubali kuachia bila kuleta matata.

Inasimuliwa kwamba utepe wa kwanza uliwekwa gundi pembeni tu, na fundi mmoja akaudharau kwa kuuita wa Kiskoti, maana Waskoti walisemwa kuwa wachoyo. Jina likabaki kwenye biashara. Mwaka 1930 Drew akatoa na ule utepe wa kuonekana ndani. Kwa hiyo unapokwenda dukani Goma, Bukavu au Bunia na kuomba skochi, unatamka dharau ya fundi mmoja wa Marekani wa miaka mia moja iliyopita.

Watoto wa shule na ndege 500,000

Katika vita vya pili vya dunia rangi ikawa na amri. Ndege za Spitfire za Uingereza zilitoka kiwandani zikiwa na mabaka ya kijani na ya udongo kwa mchoro uliopangwa, ndege moja ikifuata mchoro wa kwanza na nyingine mchoro wa pili, uliokuwa kama picha ya kwanza kwenye kioo. Upande wa Ujerumani, kuanzia mwezi wa pili 1943, vifaru vilitoka kiwandani na rangi moja ya manjano iliyokolea. Askari wenyewe walipewa rangi ya kijani na ya kahawia nyekundu, nzito kama pasta ya nyanya, waichanganye na maji au esansi na kuipuliza kwa pistole kufuatana na mahali walipo. Ndiyo sababu vifaru viwili vya kikosi kimoja havikufanana.

Nayo mifano midogo iliitwa tena kazini. Mwaka 1942 jeshi la maji la Marekani liliomba wanafunzi wa shule watengeneze ndege ndogo za mbao 500,000, kwa kipimo cha 1 kwa 72, zote zipakwe rangi nyeusi. Askari walizitumia kujifunza kutambua ndege kwa umbo lake, ili wasiwapige wenzao. Tazama hapo: rangi ya madoadoa ilifundisha kudanganya macho, rangi nyeusi ya watoto ikafundisha kutodanganyika.

Baada ya vita, umbo lile likawa mchezo wa amani. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa Spitfire ya plastiki ya kuunganisha mwaka 1953. Huko Japani, kampuni ya Tamiya, iliyoanza kwa kuuza mbao, ilitoa kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kipimo chake kiliamuliwa na jambo la kuchekesha: ilibidi mabetri yaingie ndani. Ndipo kikatokea kipimo cha 1 kwa 35 ambacho leo kinafuatwa duniani, na ambacho kinamfanya mtu wa mita 1.75 awe na urefu wa sentimita 5.

Namna ya kuziba

Sasa vijana munaochonga mbao, munaokata makopo ya tomati na kuunda magari ya waya, hii ni sehemu yenu. Kazi yenyewe inaitwa kuziba: unafunika mahali ambapo hutaki rangi ifike.

Kwanza, paka rangi nyepesi yote, halafu nzito. Manjano haiwezi kufunika kahawia, lakini kahawia inafunika manjano. Iache rangi ya kwanza ikauke kabisa, hata siku nzima wakati wa mvua. Rangi mbichi itang'oka na skochi.

Pili, tumia skochi ya karatasi, ile ya mafundi wa magari, siyo ile ya kufungia mizigo. Ibandike kwanza juu ya nguo safi au ngozi ya mkono ili ipoteze ukali kidogo. Kata ukingo wake kwa wembe juu ya kioo, maana ukingo wa kiwanda unashika vumbi. Kwa mistari ya kupinda, kata vipande vyembamba vya milimita moja au mbili, maana chembamba kinapinda na kipana kinakunjana.

Tatu, gandamiza ukingo kwa ukucha. Kiisha fanya kama mafundi wakubwa: pitisha tena kidogo rangi ileile ya chini kwenye ukingo. Kama kuna tundu, rangi ya chini ndiyo itakayoingia na kulifunga, na ile ya pili haitapita.

Nne, jiulize kama mpaka unatakiwa kuwa mkali au laini. Meli za Wilkinson zilikuwa na mpaka mkali, basi skochi inatosha. Vifaru vya Wajerumani vilipulizwa, basi mpaka wake ni kama ukungu. Kwa mpaka laini, viringisha udongo wa kuchezea uwe kama nyoka mwembamba, ulaze juu ya mstari, na upulize rangi kutoka juu. Mviringo wa nyoka huyo unaacha kivuli kidogo, na kivuli hicho ndicho ulaini. Unaweza pia kukata karatasi ngumu na kuinua milimita moja juu ya kifaa.

Tano, paka tabaka nyembamba mara mbili au tatu, siyo moja nzito, maana rangi nzito inajenga ngazi kwenye ukingo. Bandua skochi polepole, ukiikunja nyuma juu yake yenyewe, kabla rangi haijawa ngumu kama chuma.

Anayejua hayo hajajifunza mchezo tu. Ni mikono hiyohiyo inayopaka bango la duka, namba ya gari na mlango wa rangi mbili.

Jani linaruhusiwa, mama haruhusiwi

Tumalize na lile swali la mwanzo. Sheria ya vita imeandika wazi jambo ambalo wazee wetu walilijua. Itifaki ya kwanza ya nyongeza ya mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, kifungu cha 37, inatenganisha ujanja na hiana. Kamuflaji imetajwa humo kwa jina lake: ni ujanja unaoruhusiwa. Askari anaweza kujipaka kama jani, na mzinga wa mbao unaweza kuwekwa ukutani. Lakini kujifanya raia ili umuue adui, au kutumia kwa uongo alama za Umoja wa Mataifa ili akuamini, ni hiana, na hiana imekatazwa. Msalaba mwekundu pia, ambao tangu mwaka 1864 unalinda waganga na wagonjwa, hauruhusiwi kutumiwa kama kifuniko.

Sababu yake inaeleweka. Mwenye kujipaka jani anahatarisha nafsi yake. Mwenye kujificha ndani ya kilemba cha mama mkimbizi au nyuma ya gari la wagonjwa anamhatarisha kila mama na kila gari la wagonjwa litakalopita kesho. Ndiyo maana magari ya Umoja wa Mataifa hupakwa nyeupe: ni kinyume cha kamuflaji, ni rangi inayoomba kuonekana. Raia naye hana rangi yake. Ulinzi wake ni kwamba anaonekana kuwa raia.

Kwa hiyo wazazi, mtoto akiunda gari la kijeshi la mbao, musimpige. Anaiga anachokiona barabarani. Lakini mufanye mambo mawili. La kwanza, asivae nguo ya madoadoa na asitembee na bunduki ya mti karibu na vizuizi vya askari, hasa jioni. Mizinga ya Bismarckburg imetufundisha kwamba mbao iliyopakwa vizuri inamdanganya hata kamanda, na askari mwenye woga hatauliza kama ni mchezo. La pili, mupatie rangi nyingine. Afundishwe kuziba na skochi, kiisha apake gari lake jeupe na msalaba mwekundu, au basi la njano, au mashua yenye mistari kama zile za mwaka 1917.

Aliyepewa ufundi wa kupaka hana lazima ya kupaka vita tu. Kazi ya skochi ni ileile kwa rangi yoyote.